Meno ya Freddie, Meno ya Mbegha

Wazee wa Usambara wakimsimulia Mbegha huanzia kinywani. Mtoto huyu wa Nguu aliota meno ya juu kabla ya meno ya chini, na mtoto wa namna hiyo, kwa desturi ya zamani, ni kigego: ana nuksi, na nyumba yenye kigego hungoja msiba. Mbegha aliachwa akue, lakini alipokuwa mtu mzima ndugu zake walimnyima urithi. Akashika mikuki, akafuatwa na mbwa wake, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, akahama pori hadi pori mpaka akapanda milima hii. Huku juu Washambaa walikuwa na ndizi tele na kitoweo haba. Yeye alikuwa na nyama. Kisa kinafika Vuga, ambako mtu aliyekataliwa kwao kwa sababu ya meno alitawazwa kuwa mfalme, naye akaitwa Simba.

Filamu ya Bohemian Rhapsody, iliyotoka mwaka 2018, nayo haikawii kufika kinywani. Ni London, mwaka 1970. Vijana wawili wa bendi wamekaa nyuma ya gari lao baada ya onyesho, wamenuna, maana mwimbaji wao amewaacha muda mfupi tu uliopita. Anatokea kijana mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyochomoza, anasema yeye anaweza kuimba. Mmoja anamtazama na kumkatisha tamaa: kwa meno hayo, haiwezekani. Kijana anageuka kama anayekwenda zake, kisha anaimba, na wale wawili wanajikuta wanamwitikia. Anawaeleza kwamba alizaliwa na meno manne ya ziada, na kwamba upana huo wa kinywa ndio unaoipa sauti yake nafasi.

Kijana huyo dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Zanzibar ilimjua kwa jina la Farrokh Bulsara.

Mhadhara huu unahusu kuitazama filamu hiyo kutoka Lushoto, na una jambo moja la kutetea. Watu wa milima hii wamesimuliana maisha ya mtu mmoja mashuhuri kwa karne mbili na zaidi, na kwa hiyo wanalo jicho la kutambua namna maisha yanavyokatwa, yanavyopangwa upya na kushonwa yakawa kisa. Mtazamaji aliyelelewa Bumbuli au Mlalo akiketi mbele ya filamu ya wasifu wa mwanamuziki, asikubali kuambiwa kwamba jambo hilo ni geni kwake.

Filamu za namna hii hufika milimani kwa njia zilezile zinazoleta mitumba na betri za redio. Zimo kwenye flashi mfukoni mwa abiria aliyepanda gari Mombo, akazungushwa zile kona mpaka Soni, akafika Lushoto ambako watu wamejifunga makoti mwezi Julai. Wapo wanaozitazama kwenye simu wakiwa ndani ya blanketi. Wapo waliozizoea kwenye vibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao, picha ikisimuliwa kwa Kiswahili na sauti kama ya Lufufu, yule msimulizi aliyewapa Watanzania hata Titanic kwa lugha yao. Msimulizi wa aina hiyo haishii kutafsiri maneno ya waigizaji. Hueleza, huonya, humsema mhusika anayekosea, huongeza habari anayoona imekosekana. Bohemian Rhapsody inastahili msimulizi wa kiwango hicho, kwa sababu zipo habari ndani yake zilizokosekana, na kubwa kuliko zote ni habari za kwetu.

Farrokh Bulsara alizaliwa katika hospitali ya serikali mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, wenye asili ya Gujarati. Baba alikuwa keshia katika mahakama kuu chini ya utawala wa Waingereza. Mtoto alipofika umri wa miaka minane alipelekwa India, shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, akajifunza piano, na huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Akiwa na miaka 12 alikuwa tayari na bendi ya shule, The Hectics. Alirudi Unguja akiwa kijana, na alikuwa na miaka 17 Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964. Familia ikaondoka na kwenda kukaa Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow.

Katika filamu yote, hakuna tukio hata moja linalofanyika Zanzibar. Kisiwa kinabaki kuwa jina la mezani, kumbukumbu ya wazazi waliofukuzwa na dunia. Freddie tunamkuta akipakua mizigo Heathrow, mwenzake wa kazini anamtukana kwa kumwita Mpakistani, naye anajibu kwamba hatoki Pakistani. Jibu ni la kweli, lakini filamu haiendi mbele ikatuonyesha anakotoka. Mtazamaji wa Marekani huinuka kitini akijua kwamba Freddie hakuwa Mwingereza kama wengine, asijue zaidi ya hapo. Miaka minane ya mwanzo ya mtoto, vichochoro vya Shangani, adhana inayosikika alfajiri hata ndani ya nyumba ya asiyekuwa Mwislamu, meli zinazotia nanga na kung'oa: vyote vimeachwa nje ya mlango.

Na kuachwa huko kunaonekana zaidi pale filamu inapofika kwenye wimbo wenyewe ulioipa jina. Bendi iko shambani Wales, mwaka 1975, inarekodi wimbo wa dakika 5 na sekunde 55 ambao wakubwa wa kampuni ya sahani wanauona mrefu mno kwa redio. Katikati ya wimbo huo wa Kiingereza, kiitikio kinalipuka kwa neno moja la Kiarabu, neno ambalo kila mtoto wa Kiislamu wa Lushoto hufundishwa kulitamka kabla ya kutia tonge kinywani. Filamu inatuonyesha mpiga dramu akilazimishwa kurudia sauti za juu mpaka anachoka, tukio la kuchekesha na lililotengenezwa vizuri. Haituulizi neno lile liliingiaje kichwani mwa mtunzi. Mtu wa Unguja akilisikia hahitaji kuuliza.

Wazanzibari wenyewe wamekuwa na mashaka yao juu ya mtoto wao huyu. Mwaka 2006 mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe ulipanga sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi na wanaume, na sherehe ikafutwa. Miaka 13 baadaye, Novemba 2019, filamu ikiwa imekwisha kuzunguka dunia, jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani. Watalii walikuwa wakiuliza nyumba iko wapi, na sasa wanaonyeshwa. Filamu iliyokataa kwenda Zanzibar ndiyo iliyowapeleka watu Zanzibar.

Kuhusu mafanikio yake hakuna ubishi. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 900 duniani. Mapema mwaka 2019 ilitwaa tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya mwigizaji bora wa kiume kwa Rami Malek, mtoto wa wahamiaji wa Kimisri aliyezaliwa Los Angeles. Malek alivaa meno ya bandia, akafundishwa mwendo na mikao ya marehemu mpaka namna ya kuvunja kiuno, na sauti tunayoisikia ni mchanganyiko wa rekodi za Freddie mwenyewe, sauti ya Marc Martel wa Kanada na kidogo ya Malek. Mtengenezaji wa kwanza, Bryan Singer, alifukuzwa kazi hiyo Desemba 2017 kabla haijaisha, na Dexter Fletcher akaimalizia. Kwamba kazi iliyopita mikono miwili ilitoka ikiwa imesimama ni sifa kwa aliyekata na kuunga picha, naye pia alipewa Oscar yake.

Lakini ipo hesabu ya tarehe, na hapa mtazamaji lazima aketi vizuri.

Filamu inasema Freddie alikutana na wenzake usiku uleule mwimbaji wao alipoondoka. Kweli ni kwamba alikuwa akijuana nao tangu zamani kupitia mwimbaji huyohuyo, Tim Staffell, aliyesoma naye chuo cha sanaa cha Ealing. Filamu inampandisha John Deacon na gitaa lake la besi jukwaani tangu siku ya kwanza. Deacon alijiunga mwaka 1971, baada ya wapiga besi wengine kupita. Wimbo wa kupiga miguu na makofi, uliotoka mwaka 1977, filamu inautunga mwaka 1980. Makosa ya namna hiyo mtu anaweza kuyasamehe. Msimulizi aliyepewa saa mbili na dakika chache kueleza miaka 15 atasogeza kiti hiki na meza ile ili apate pa kupita.

Yapo mawili yasiyosameheka kirahisi. La kwanza ni kisa cha kuvunjika kwa bendi. Filamu inamwonyesha Freddie akiwasaliti wenzake kwa kusaini mkataba wa kuimba peke yake, wenzake wakiumia kama ndugu walioachwa, na tamasha la Live Aid la mwaka 1985 likiwa siku ya kuombana radhi na kurudiana. Bendi yao, Queen, haikuwa imevunjika. Roger Taylor, mpiga dramu, alikwisha kutoa albamu yake binafsi mwaka 1981 na nyingine mwaka 1984. Brian May, mpiga gitaa, alitoa kazi yake ya pembeni mwaka 1983. Ya Freddie ilitoka mwaka 1985, wa mwisho kati ya hao watatu. Na wiki chache tu kabla ya Live Aid bendi nzima ilikuwa imetoka katika ziara ndefu ya dunia.

La pili ni ugonjwa. Katika filamu, Freddie anawaambia wenzake kwamba ana Ukimwi wakiwa kwenye mazoezi ya Live Aid, na kwa hiyo zile dakika zake jukwaani zinakuwa za mtu anayeimba huku anajua anakufa. Machozi ya watazamaji yanatoka hapo. Kwa habari zinazokubalika na wengi, alipimwa na kuambiwa mwaka 1987, miaka miwili baada ya tamasha. Kwa hiyo hofu ya maradhi imechukuliwa mahali pake na kuhamishiwa mahali ilipoweza kuleta kilele cha picha. Kwa watu wa Afrika Mashariki jambo hili si dogo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kila familia iliyopitia miaka ile inakumbuka tarehe zake barabara: lini baba alianza kukonda, lini majibu yalikuja, nani aliambiwa na nani alifichwa. Tarehe hizo hazihamishwi ili kisa kinoge.

Uganda ilikuwa na mwanamuziki wa pop aliyefanya kinyume kabisa. Philly Bongoley Lutaaya alikuwa akiishi Sweden, nyimbo zake zikipigwa Kampala nzima, alipotangaza hadharani mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba ana virusi vya Ukimwi. Hakuna Mwafrika mashuhuri aliyekuwa amethubutu kabla yake. Wapo waliokataa kumwamini, wakasema anatafuta umaarufu. Yeye akazunguka mashuleni na makanisani, akaimba, akazungumza, na kamera zikamfuata mpaka mwili ulipogoma. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989 akiwa na miaka 38. Filamu ya kumbukumbu iliyotokana na safari hiyo, Born in Africa, haina haja ya kusogeza tarehe yoyote. Mtu anadhoofika mbele ya macho ya mtazamaji kwa mwendo uleule aliodhoofika, na shati linamzidi upana kadiri picha inavyokwenda. Yeyote anayeipenda Bohemian Rhapsody aitafute hiyo pia, azitazame zote mbili wiki moja.

Kwa nini basi filamu ya Freddie ikasimuliwa vile? Jibu linapatikana Vuga.

Kisa cha Mbegha kama kinavyojulikana na wengi ni kisa cha Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara kwa jina lake. Kila jambo ndani yake linaunga mkono utawala wao: babu yao hakuja kwa vita, alikaribishwa, alilisha watu nyama, aliua simba usiku alipokuwa njiani kwenda Vuga, wenyeji wenyewe ndio waliomwomba atawale. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu wa pwani aliyekaa karibu na watawala hao, aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa kwa sehemu Magila, chini ya milima hii, mwishoni mwa karne ya 19. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa Usambara miaka ya 1960 akiwasikiliza wasimulizi mbalimbali, aliandika kitabu kizima, The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupima kisa hicho: kipi kimepangwa hivyo kwa sababu kilitokea hivyo, na kipi kimepangwa hivyo kwa sababu ya maana ambayo wasimulizi walitaka kibebe. Upimaji huo si jambo la kuonea haya. Wasimulizi wanajua kwamba kisa kina mwenyewe.

Cha Freddie kina wenyewe pia. Jim Beach, meneja wa Queen wa miaka mingi, ni mmoja wa walioitoa filamu, na Brian May na Roger Taylor walisimamia muziki wake. Bila wao hakuna nyimbo, na bila nyimbo hakuna filamu. Mwigizaji Sacha Baron Cohen alitangazwa mwaka 2010 kuwa ndiye atakayemwigiza Freddie, akajitoa mwaka 2013 baada ya kutokubaliana na bendi juu ya filamu iweje. Deacon, aliyestaafu muziki miaka ya 1990, hakushiriki. Kwa hiyo kilichofika kwenye skrini ni usimulizi wa warithi. Warithi wanaompenda marehemu, hilo linaonekana wazi, na wanaomlilia kwa dhati. Hata hivyo katika usimulizi wao anayekosea ni yule ambaye hayupo, na wanaosamehe ni wale waliobaki. Pale ndugu wa Mbegha walipomnyima urithi, angalau Wakilindi walimtetea babu yao.

Haki iliyobaki ni kusema pale filamu inapofanya kazi yake vizuri kuliko kitabu chochote. Dakika za mwisho ni Live Aid, Wembley, tarehe 13 Julai 1985, mbele ya watu wapatao 72,000. Watengenezaji walijenga jukwaa lile upya kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Bovingdon na wakaanza kupiga picha zao na tukio hilo kabla ya mengine yote, Malek akiwa bado mgeni katika ngozi ya Freddie. Angalia juu ya piano: vikombe vya karatasi vya soda na bilauri za bia vimepangwa vilevile kama kwenye mkanda wa mwaka 1985. Angalia fulana nyeupe, ukanda wa njumu mkononi, kile kijiti cha maikrofoni kisicho na mguu. Angalia anavyokaa pembeni ya kiti cha piano kama mtu asiyekusudia kukaa muda mrefu, vidole vikiwa vimeshafika kwenye vibao kabla mwili haujatulia. Kisha mkono wa kulia unainuka, na makofi ya uwanja mzima yanapigwa kwa mpigo mmoja juu ya vichwa. Mtu anayeitazama na blanketi mabegani, ukungu umeziba dirisha, hujikuta na yeye ameinua mikono.

Tamasha lile liliandaliwa kuchangia walioshikwa na njaa Ethiopia. Filamu inatuonyesha chumba cha simu jijini London, simu zikianza kulia kwa wingi Queen walipopanda. Wenye njaa hawaonekani. Mtoto wa Afrika Mashariki anaimba kwa ajili ya Afrika Mashariki, na filamu haikuona kwamba hilo ni jambo la kutajwa. Msimulizi wa kibanda umiza angelitaja papo hapo, na angesimamisha picha ili alitaje vizuri.

Ipo njia nyingine ya kuandaa filamu za namna hii. Bob Marley: One Love, ya mwaka 2024, nayo ni kazi ya warithi, maana mwanawe Ziggy ni mmoja wa watoaji. Lakini wao walichagua kipande: kuanzia jaribio la kumuua Desemba 1976, maisha ya London na albamu ya mwaka 1977, mpaka kurudi Kingston kwa tamasha la amani Aprili 1978. Mwaka mmoja na miezi minne hivi. Waigizaji wanazungumza Kijamaika, na asiyeelewa atege sikio. Filamu ina upungufu wake, imerembwa mno, ila Jamaika ipo: vumbi, vilima, sahani za wali, watoto wanaocheza uani.

Hilo ndilo Zanzibar ililonyimwa katika filamu ya Freddie. Na uwezo wa kulifanya upo hapa nyumbani. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'Kuvute, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, miaka ya mwisho ya ukoloni, na katikati yake yumo Yasmini, msichana wa Kihindi wa Unguja. Mji uleule, miaka ileile, aliyokuwemo mtoto wa keshia Bulsara kabla ya kupandishwa meli. Anayetaka kuuona mji ambao Bohemian Rhapsody haikuuonyesha, anao humo: kuta, vivuli, taarabu, na Kiswahili chenyewe.

Wanamuziki wa kutengenezewa filamu hawakosekani. Siti binti Saad wa Fumba, aliyechuuza vyungu kabla ya kuimba, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani, akafariki mwaka 1950. Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert, mtu wa Tanga, katika Wasifu wa Siti binti Saad. Kabla sinema ya Kiswahili haijajua kutembea, mwandishi wa mkoa huuhuu alikwisha kuona kwamba maisha ya mwimbaji wa kike, tena maskini, yanastahili kitabu. Bi Kidude, aliyemfuata Siti, alipata filamu ya kumbukumbu ya Mwingereza Andy Jones mwaka 2006, As Old as My Tongue, na jambo zuri la filamu hiyo ni kwamba haikumlazimisha kuwa na tarehe ya kuzaliwa. Bibi aliupima umri wake kwa enzi za rupia, na kamera ikamwacha aupime hivyo. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Halafu yupo Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa Mzenga mwaka 1944, akapiga gitaa Morogoro Jazz, akafika Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34. Kila kitu ambacho watengenezaji wa Bohemian Rhapsody walilazimika kukibuni au kukisogeza, yeye anacho bila kusogezwa: kutoka bendi moja kwenda nyingine, safari ya ng'ambo, kifo cha ghafla kabla hajazeeka. Nyimbo alizorekodi Radio Tanzania zilikaa kwenye kanda kubwa za duara, na waliomwona jukwaani wakiwa vijana sasa ni babu na bibi. Mwenye kamera aanze kwao. Awaulize nguo, awaulize kiingilio, awaulize dansi lilivyochezwa na nani alizimia. Awaulize pia waliogombana naye, kwa sababu kisa cha warithi peke yao tumekwisha kukiona kinavyokuwa.

Filamu ya Freddie inakwisha jukwaani, jua la Julai likiwa juu, umati umeinua mikono. Maandishi yanayopita mwishoni ndiyo yanayosema kwamba alifariki mwaka 1991. Miaka sita ya mwisho, ikiwemo ile ya kurekodi akiwa hoi, haimo. Aliutangaza ugonjwa wake tarehe 23 Novemba, akafariki kesho yake nyumbani kwake Kensington, akiwa na miaka 45.

Wasimulizi wa Mbegha hawakuukata mwisho. Wanasema mfalme alipougua, walioambiwa walikuwa wazee wachache tu. Alipokufa, Vuga haikujua. Watu walilala wakidhani yuko ndani, wakati wazee wamekwisha kutuma Bumbuli kumwita mwanawe, Bughe, aje usiku. Mwisho wa Freddie nao una siri yake: alichomwa moto London, na majivu yake yakakabidhiwa kwa Mary Austin, mwanamke aliyekuwa mchumba wake enzi za ujana na rafiki yake hadi mwisho. Aliyachukua siku moja asubuhi peke yake, akayaweka mahali ambapo Freddie alimwelekeza, na mpaka leo hajamwambia mtu.